Zafarani iliyochanua kwenye kapu la vitunguu

Bibi Shamba, shikamoo.

Mimi ni msomaji wako wa hapa Tanga, mtaa wa Makorora. Swali langu ni la maua, lakini ndani yake yumo mama mkwe, kwa hiyo nakuomba unisome mpaka mwisho.

Mwishoni mwa Agosti wifi yangu anayeishi Uingereza alikuja kwenye arusi ya mdogo wake. Anajua napenda bustani. Uani kwangu kuna asumini, mrehani, mkilua na mawaridi mawili matatu. Basi akaniletea mifuko miwili ya vitunguu vya maua. Akaniambia, "Wifi, hizi ni zafarani za vuli. Vuli ikiingia zitachanua zenyewe, wala usihangaike." Karatasi za mifuko zilikuwa zimeloa kwenye begi, maandishi hayasomeki tena.

Mfuko wa kwanza ulikuwa na vitunguu vidogo kumi na viwili, bapa kwa chini, vimevaa nyuzinyuzi kama kumbi la nazi. Wa pili ulikuwa na vitatu vikubwa, kila kimoja kinajaza kiganja, ganda la kahawia laini, na kwa chini kimetokeza upande kama kisigino cha mtu. Vidogo nilivipanda kwenye makopo ya rangi, kimoja kimoja. Kimoja nikampa shoga yangu akakiweke ofisini kwake. Vile vikubwa udongo haukunitosha siku ile, nikaviweka jikoni kwenye kapu la vitunguu maji, na kwa pilikapilika za arusi nikavisahau.

Katikati ya Septemba naenda kuchukua kitunguu nikaange, nakuta maua kapuni. Hakuna udongo, hakuna maji, hakuna jani hata moja, lakini maua ya zambarau hafifu yamesimama kama yaliyotiwa chomboni. Nilimwita mama mkwe, akasema hii ni baraka imeingia nyumbani. Akachuma zile nyuzi za njano za katikati, akazianika kwenye sinia, akazitia kwenye kichupa cha marashi kilichokwisha. Alionja uzi mmoja akatema, akasema ni chungu, na zafarani ya kweli ni chungu. Nia yake ni mwalimu amwandikie mjukuu wake kombe, yaani aya za kuandikwa kwa zafarani, zikaoshwa na kunywewa, maana mtoto ana miaka minne na usiku hushtuka na kulia. Zitakazobaki zitiwe kwenye biriani ya hitima ya marehemu baba mkwe, mwisho wa mwezi ujao.

Mimi roho haijatulia. Zafarani ninayoijua ya dukani ni nyekundu. Nilipomuuliza alisema ya dukani hutiwa rangi. Sikumjibu.

Vile vidogo vimetoa majani tu, membamba kama ukoka, yana mstari mweupe katikati. Ua halijatoka hata moja, na tangu mvua zianze ncha zinageuka manjano. Cha kushangaza, kile cha ofisini kwa shoga yangu, kinachokaa chini ya kiyoyozi kutwa, kimetoa maua mawili, na kila ua lina nyuzi tatu nyekundu zimening'inia nje. Picha ninayo.

Mume wangu naye amepiga hesabu zake. Amesikia zafarani inauzwa kwa gramu kama dhahabu, na kwenye simu kuna mtu anauza mbegu za zafarani kwa pakiti, anasema pwani zinaota. Anataka tukodi shamba Muheza. Anasema mkonge nao uliletwa na wageni, ukaukubali udongo wa Tanga, kwa nini zafarani isikubali?

Naomba uniambie nina nini mkononi. Na kama kuna kosa, nimwambieje mama mkwe bila kumvunjia heshima? Kitunguu cha tatu katika vile vikubwa kimeanza kuchanua wiki hii, na ameshakitupia jicho.

Mwenye makopo kumi na moja, Makorora, Tanga

*

Marahaba, mwanangu.

Kabla hujaendelea kusoma, inuka. Kachukue kile kichupa cha marashi, ukifunge vizuri, ukiweke pasipofika mkono wa mtoto wala wa mpishi. Kombe lisiandikwe kwa nyuzi hizo, na biriani isitiwe hata chembe. Kisha toa vile vitunguu vikubwa kwenye kapu la jikoni, unawe mikono kwa sabuni, uoshe na lile sinia. Ukimaliza, rudi tuzungumze.

Nyuzi zile si zafarani. Kwa jinsi ulivyovieleza, vitunguu vyako vitatu vikubwa ni vya mmea uitwao kolkikamu, kwa jina la kitaalamu Colchicum. Mmea huo una sumu kuanzia kitunguu, jani, ua hadi mbegu. Sumu yenyewe huitwa kolkisini. Hospitalini hiyo hiyo kolkisini ni dawa ya jongo, lakini kidonge kimoja huwa na nusu miligramu hivi, na daktari hukitoa kwa uangalifu mkubwa. Nakutajia kipimo hicho ili uone ni kiasi kidogo namna gani kinachotenda kazi mwilini, na mtoto wa miaka minne ana mwili mdogo kiasi gani. Moto wa jiko hauiondoi. Huko Ulaya watu hufa kwa kuyapika majani yake wakidhani ni kitunguu saumu cha porini.

Mama mkwe alionja uzi mmoja akatema, na kwa maelezo yako ni wiki kadhaa sasa, naye mzima. Dalili za sumu hii huanza ndani ya saa chache mpaka siku moja hivi, kwa hiyo kwa hilo shusha pumzi. Lakini kama kuna mtu yeyote nyumbani aliyemeza chochote cha mmea huo karibuni, usisubiri atapike. Mpeleke hospitali ya Bombo siku hiyo hiyo, na uende na ua lenyewe au kitunguu ndani ya mfuko ili daktari aone anapambana na nini. Sumu hii ina hila: mtu hutapika na kuharisha, akapata nafuu kidogo, nyumbani wakasema ameshapona, kumbe ndani figo, ini na uboho vinaendelea kuumia.

Sasa nikueleze nimejuaje, maana nataka siku nyingine ujue mwenyewe bila kuniuliza.

Ukishika ua la namna hii, hesabu vijiti vya chavua, vile vyenye unga wa njano kichwani. Ua la jamii ya zafarani, yaani krokasi wote, lina vijiti vitatu. Kolkikamu ana sita. Hesabu hiyo haiyumbi: rangi inaweza kufanana, umbo likafanana, mwezi wa kuchanua ukafanana, lakini tatu hubaki tatu na sita hubaki sita. Ukishahesabu, tazama katikati kabisa. Kwenye krokasi kuna uzi mmoja unaopanda kutoka chini, halafu juu unagawanyika. Kwenye zafarani yenyewe, Crocus sativus, unagawanyika matawi matatu marefu, mekundu sana, yanayolegea na kutoka nje ya ua kama ulimi. Kolkikamu ana nyuzi tatu zilizoachana tangu chini, nyembamba, zisizo na wekundu huo. Alichochuma mama mkwe ni vijiti vya chavua. Na hata kwenye zafarani halisi vijiti hivyo vya njano havitakiwi. Mchumaji huchukua nyuzi nyekundu tu.

Kitunguu nacho husema. Cha krokasi ni kidogo, bapa, kimevaa nyuzi, kama ulivyosema, kumbi la nazi. Sijapata kusikia mfano mzuri kuliko huo, na nitauazima. Cha kolkikamu ni kikubwa, ganda lake laini, na kina kile kisigino. Na hiyo tabia ya kuchanua juu ya kabati bila udongo wala tone la maji ni yake hasa. Wauza maua wa Ulaya humuuza kwa sifa hiyo.

Ila usije ukashika kwamba kila ua lisilo na jani ni sumu, maana hapo wengi hukosea. Wapo krokasi halisi wanaochanua bila majani, majani yakaja miezi baadaye. Crocus speciosus ni mmoja. Ana rangi ya samawati iliyoingia zambarau, mishipa myeusi kidogo kwenye petali, na uzi wake wa katikati hupasuka vipande vingi vya rangi ya chungwa kama nyuzi za katani iliyofumuka. Mwingine ni Crocus nudiflorus, ambaye hata jina lake la Kilatini lina maana ya ua lililo uchi. Hao vijiti vyao ni vitatu, lakini nao si zafarani, wala havifai jikoni. Anayelimwa kwa ajili ya jikoni ni mmoja tu, Crocus sativus. Majani yake hutoka pamoja na ua au nyuma yake kidogo, membamba, na mstari mweupe katikati. Vile vya kwenye makopo yako vina mstari huo, na kile cha shoga yako kimetoa nyuzi tatu nyekundu. Kwa hiyo hongera. Zafarani unayo, kumi na moja kwako na moja ofisini.

Na mumwondolee wifi lawama. Waingereza wenyewe humwita kolkikamu krokasi wa vuli, ingawa si krokasi na hata ukoo wao ni mbali. Zafarani ni ndugu wa ua la airisi (Iris). Kolkikamu ni ndugu wa mmea ulioko hapa hapa kwetu: ule unaotambaa vichakani, wenye ncha za majani zinazojikunja na kushika kama mkono, na maua mekundu yenye njano yaliyosimama kama ndimi za moto. Kitaalamu ni Gloriosa superba. Bila shaka umeuona njia ya Pangani au kwenye vichaka vya Muheza baada ya mvua. Una kolkisini hiyo hiyo, na kiazi chake cha chini watu wamewahi kukichimba wakidhani ni kiazi kikuu, kikawaua. Kwa hiyo sumu hii si ya ugenini. Ina ndugu nyuma ya nyumba zetu, na watoto wetu wanapaswa kuonyeshwa.

Kuna na yale maua madogo meupe au ya waridi yanayochomoza kwenye viunga siku chache baada ya mvua kubwa, majani kama nyasi nene. Mitaa ya Raskazone yapo mengi. Nayo mtu anaweza kuyadhani zafarani. Hesabu: utakuta vijiti sita. Si zafarani, na kitunguu chake hakiliwi. Lakini kwa mtu anayetaka ua linalochomoza na vuli yetu, hilo ndilo la kupanda Tanga. Halina shida, halidai kitu, mvua ikipiga linaamka.

Hapo tumefika kwenye neno lililokuponza.

Wifi alisema vuli. Sisi vuli ni mvua fupi, Oktoba hadi Desemba, na ikiisha tunaingia kaskazi na jua lake. Yaani vuli yetu inatupeleka kwenye joto. Ile ambayo vitabu vya shule vimeiita vuli ya Ulaya ni miezi karibu hiyo hiyo, Septemba mpaka Novemba, lakini ni majira ya majani kupukutika, na joto linashuka kila wiki kuelekea baridi ya theluji. Mwezi ni mmoja, safari ni mbili zinazopishana. Zafarani haisomi kalenda, mwanangu. Inasikiliza joto.

Angalia mwaka wake ulivyo. Kiangazi cha kwao, kikavu na chenye joto, kitunguu kimelala hakina jani, lakini ndani yake ua linaumbwa. Joto linalofaa kwa kazi hiyo ni kati ya nyuzi 23 na 27. Kisha joto lishuke mpaka 17 hivi, ndipo ua lililoumbwa linasukumwa nje. Lisiposhuka, ua hukauka lingali ndani. Baadaye majani hufanya kazi wakati wote wa baridi, na kitunguu mama kinakufa kikiacha vitoto juu yake, ambavyo ndivyo vitakavyochanua mwaka unaofuata. Vitoto hivyo vikikua vidogo mno havitoi ua.

Sasa lete mwaka huo Tanga. Ua liliumbwa kabla vitunguu havijapanda ndege, ila joto la kushuka havikulikuta. Hata kwenye kipupwe chetu, Julai, usiku wa Tanga ni nyuzi 20 au 21. Septemba na Oktoba tunapanda. Cha ofisini kilikuta kiyoyozi, kikadhani Ulaya imefika, kikatoa maua. Shoga yako amefanya jaribio zuri kuliko wengi wanaojisifu, nawe hukujua.

Mumeo ametaja mkonge, na ametaja vizuri, maana ndio utakaomjibu. Mkonge aliuleta Mjerumani Richard Hindorf mwaka 1893. Aliagiza miche elfu moja, ikafika hai 62 tu, na kutoka hiyo 62 Tanga ikawa Tanga ya mkonge. Lakini mkonge asili yake ni kusini mwa Meksiko, nchi ya jua na joto. Ulitoka kwenye joto ukaingia kwenye joto. Mfano wa zafarani ni ule mwingine wa kwetu, ua dogo la zambarau la Usambara. Mwaka 1892 Mjerumani mwingine, Walter von Saint Paul-Illaire, alilikuta huku kwetu akalipeleka kwao. Leo liko kwenye madirisha ya dunia nzima. Lakini angalia liko wapi: dirishani, ndani, kwenye nyumba yenye joto la kuwashwa. Ukilitoa nje Ulaya wakati wa baridi, asubuhi limekufa. Ua letu kwao linaishi chumbani. Na ua lao kwetu, likitaka kuishi, ni chumbani vilevile.

Kwa hiyo hivyo kumi na moja ufanye hivi. Kwanza vihamishe chini ya paa leo hii, maana mvua ya vuli juu ya udongo wa joto itavioza kabla ya Desemba. Makopo yawe na matundu chini, na udongo uchanganye na mchanga nusu kwa nusu. Mchanga wa mtoni, usichukue wa baharini wenye chumvi. Mwagilia kidogo sana, pale udongo unapokauka kabisa. Majani yapate mwanga wa asubuhi, mchana kivuli. Usiyakate hata yakichakaa, ndiyo yanayolisha vitoto. Yakikauka yenyewe, chimbua vitunguu, vipanguse, viweke kwenye kikapu cha ukili mahali pakavu penye hewa. Jikoni hapana! Andika kwa kalamu ya wino mzito: zafarani. Joto la chumba chetu la nyuzi 25 na 26 ni zuri kwao wakiwa wamelala. Hapo Tanga inawafaa.

Kisha utachagua. Njia ya kwanza ni kuvirudisha ofisini kwa shoga yako mapema Septemba ijayo, vikiwa vikavu kwenye sinia, kiyoyozi kwenye 17 au 18, na baada ya kuchanua uvipande sentimita 10 hivi kwenda chini. Wako wakulima India na Iran wanaochanulisha zafarani namna hiyo hiyo kwenye vyumba, kwenye sinia, bila udongo. Usiweke kwenye friji. Nyuzi nne au tano ni baridi iliyozidi, ua halitoki.

Njia ya pili, ambayo mimi naipenda zaidi, ni kumpata mtu Lushoto. Kule ni mita 1,400 hivi juu ya bahari, na usiku wa Juni na Julai unahitaji blanketi mbili. Lakini kule nako baridi inakuja nyuma ya masika, wakati zafarani inataka kutoka kwenye ukavu kuingia kwenye baridi. Kwa hiyo vitunguu vilale vikavu ndani ya nyumba masika yote, vipandwe mwishoni mwa Mei, kwenye vyungu, barazani, paa juu. Vitahitaji mwaka mmoja au miwili kuyazoea majira yaliyogeuka. Vingine vitakufa. Ndivyo ilivyokuwa kwa mimea mingi waliyoijaribu Wajerumani kwenye kituo chao cha utafiti cha Amani tangu 1902. Iliyokubali tunaiona leo, iliyokataa hatuisikii.

Hayo ni mapenzi ya bustani, nami nakuunga mkono kwa moyo wote. Biashara ni jambo jingine, na hapa nitasema wazi kwa ajili ya mumeo.

Zafarani haina mbegu. Crocus sativus ni tasa. Ana seti tatu za kromosomu badala ya mbili, kwa hiyo hazai mbegu inayoota. Kila zafarani duniani imetoka kwenye kitunguu kilichozaliwa na kitunguu, mikono ya watu ikivipokezana kwa maelfu ya miaka. Huyo anayeuza mbegu kwenye simu anauza kitu kingine au anauza hewa. Mwambie mumeo afute namba hiyo leo.

Hesabu yake nyingine nayo aipige upya. Gramu moja ya zafarani kavu inataka maua kama 150. Vitunguu vyako kumi na viwili, hata vyote vikitoa maua mawili mawili kama kile cha ofisini, ni maua 24, yaani chini ya sehemu ya tano ya gramu. Kilo ni maua 150,000, yanachumwa kwa mkono alfajiri kabla jua halijakaza, na kunyofolewa nyuzi siku hiyo hiyo. Bei yake imetoka kwenye migongo ya watu. Iran, inayotoa sehemu kubwa ya zafarani ya dunia, na Pampore kule Kashmir, wana baridi ya kweli ya bure. Muheza ina joto na unyevu mwaka mzima, na umeme wa kupoza shamba utamaliza LUKU kabla ya ua la kwanza. Kama anataka viungo, Muheza hiyo hiyo, ukipanda kuelekea Amani, inalima iliki, mdalasini, pilipili manga na karafuu. Shamba akalikodi huko, na aniandikie nimsaidie kwa furaha.

Wifi akija tena asilete kitunguu wala mche begini bila kibali. Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu ndiyo inayoshughulikia vibali hivyo, na kitunguu huweza kubeba ugonjwa usioonekana kwa macho. Mwambie kwa upole. Na mwambie kwamba huko huko Uingereza, Essex, kuna mji unaitwa Saffron Walden, na jina lake limetokana na zafarani iliyolimwa pale miaka ya 1500 na 1600. Akienda kuutembelea akuletee picha, hiyo haihitaji kibali.

Limebaki la mama mkwe, na najua ndilo lililokukosesha usingizi.

Usimwendee na gazeti mkononi kumwambia Bibi Shamba amesema umekosea. Mtu mzima aliyeona baraka katika ua, akamfikiria mjukuu wake na marehemu mumewe kabla ya nafsi yake, hakukosea nia. Ndiyo maana nyuzi zile zisimfikie mtoto: nia ile iheshimiwe kwa zafarani ya kweli. Nunua nusu gramu ya zafarani nzuri kwa muuza viungo unayemwamini. Muite shoga yako aje na picha ya ua lake. Mkae barazani baada ya alasiri, ummiminie mama kahawa, umwambie, "Mama, nina jambo la zafarani linanitatiza, nisaidie kuangalia."

Weka nyuzi tatu nne za dukani kwenye bilauri ya maji ya uvuguvugu, na aziangalie. Zafarani halisi hutoa rangi ya dhahabu polepole, na uzi wenyewe hubaki mwekundu. Harufu yake ataitambua bila kuambiwa, maana ameifahamu kabla yako na yangu. Mwache yeye aseme kwamba za kichupani hazina harufu hiyo. Kisha fukieni kichupa na vitunguu vile vikubwa shimoni, kina cha jembe zaidi ya mara mbili, mbali na kuku na mbuzi. Kama moyo unakuuma kuvitupa, sikushauri kuvipanda kwenye nyumba yenye mtoto wa miaka minne. Na mtoto mwenyewe, pamoja na kombe, apelekwe kliniki aangaliwe usingizi wake.

Hiyo nusu gramu itatosha hitima yote. Iloweke usiku kucha kwenye marashi mawaridi kidogo, uinyunyize juu ya wali wakati wa kupalia.

Ila kabla ya shimo, lile ua la kitunguu cha tatu msilitupe bado. Likate ulilete barazani kwenye kisahani, ulipasue taratibu kwa ncha ya sindano, na umwombe mama ahesabu vijiti vya njano kwa kidole chake, kwa sauti, mbele yenu. Mnawe mikono baadaye. Kisha niandikie amefika ngapi.

Bibi Shamba